Baridi ya Saba Saba na Mvua ya Krismasi: Hali ya Hewa ya Sikukuu katika Nyanda za Juu Kusini

Katika nchi za kaskazini mwa dunia sikukuu kubwa ya mwaka hukutana na majira ya baridi, na kwa sababu hiyo historia ya hali ya hewa ya siku moja tu, yaani tarehe 25 Desemba, imeandikwa huko kwa makini kiasi cha kuwekewa kanuni. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza, kwa mfano, huihesabu Krismasi kuwa nyeupe pale ambapo chembe ya theluji, hata kama ni moja, imeonekana ikianguka wakati wowote katika saa 24 za siku hiyo. Na baridi kali ya mwaka 1962 hadi 1963, ambayo theluji yake ilianza kulifunika eneo la kusini mwa nchi hiyo tarehe 26 Desemba, hutajwa hadi leo na watu waliozaliwa baada yake. Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zina kalenda iliyogawanyika. Mbeya na Iringa hupata baridi yake Juni, Julai na Agosti, majira yanayoitwa kipupwe, ilhali Krismasi huzikuta zikiwa katika mvua. Sikukuu za kipupwe huko ni Saba Saba, tarehe 7 Julai, na Nane Nane, tarehe 8 Agosti, pamoja na Idi katika miaka ambayo mwezi umeipeleka huko, na hakuna kati ya hizo ambayo watu wamezoea kuitafutia habari za hali ya hewa.

Mgawanyiko huo umepotosha kumbukumbu. Mvua za Krismasi, kwa kuwa hukata barabara na kufunga reli mbele ya macho ya taifa zima, zimeingia katika magazeti, katika taarifa za serikali na katika historia ya siasa ya eneo zima la kusini mwa Afrika. Baridi ya Saba Saba, ambayo ndiyo baridi ya kweli, hufanya uharibifu wake usiku, mabondeni, mbali na ofisi, na kuisha kabla ya saa 4 asubuhi. Anayetaka kuchambua hali ya hewa ya sikukuu katika eneo hili hana budi kuzitazama pande zote mbili, lakini pia hana budi kukiri kwamba upande unaosimuliwa zaidi sio unaostahili zaidi jina la majira ya baridi.

Nyanda za Juu Kusini, kwa maana inayotumika hapa, ni eneo la mikoa ya Mbeya na Iringa kama ilivyokuwa kabla ya Njombe kumegwa kutoka Iringa mwaka 2012 na Songwe kumegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mji wa Mbeya upo katika kimo cha takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Iringa unaukaribia; uwanda wa Kitulo, ambao ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, upo kwenye mita 2,600 hivi; kilele cha Rungwe kinakaribia mita 3,000; na Ziwa Nyasa, linaloonekana kutoka kwenye safu za Livingstone, lipo chini ya mita 500. Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila kilomita moja ya kupanda, na kwa hesabu hiyo mtu anayetoka Matema ufukweni kwenda Kitulo, umbali usiozidi kilomita 60 kwa mstari ulionyooka, huacha nyuma yake nyuzi 13 au zaidi bila kuvuka mpaka wa mkoa zaidi ya mmoja.

Kimo peke yake, hata hivyo, hakielezi kwa nini baridi inakuja Julai. Jibu la vitabu vya shule, kwamba jua huwa limehamia kizio cha kaskazini, yaani nusu ya dunia iliyo kaskazini mwa Ikweta, ni la kweli lakini halitoshi, kwa kuwa Mbeya ipo kwenye nyuzi 9 tu kusini mwa Ikweta na hata tarehe 21 Juni jua la adhuhuri bado lipo juu vya kutosha kuunguza shingo ya mkulima. Sababu zenye uzito zaidi ni mbili, na hufanya kazi pamoja. Ya kwanza ni upepo wa kusi, ambao hutoka katika eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa lililoko kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mauritius na Réunion, na ambao mara kwa mara huongezewa nguvu na mikupuo ya hewa baridi inayopanda kutoka Afrika ya Kusini kupitia mlango-bahari wa Msumbiji. Ya pili ni ukavu wa anga. Wingu ni blanketi la ardhi: usiku wenye mawingu ardhi hubaki na sehemu kubwa ya joto la mchana, lakini usiku wa Julai usio na wingu wala mvuke mwingi hewani joto hilo hupotea angani moja kwa moja, na kufikia alfajiri majani na udongo vimekuwa baridi kuliko hewa iliyo juu yake.

Kutoka hapo hufuata jambo ambalo wakulima wa wilaya za Makete na Mufindi wanalifahamu vizuri kuliko ramani yoyote. Hewa iliyopoa ni nzito, nayo hutiririka polepole kwenye miteremko na kutuama mabondeni, hivi kwamba shamba la bondeni linaweza kupata sakitu, ambayo ni umande ulioganda juu ya mimea, wakati nyumba iliyo juu ya kilima hicho hicho haikuona chochote. Ukingo wa mashariki wa Mufindi, unaoangalia bonde la Kilombero, hupokea kusi moja kwa moja na kuugeuza kuwa ukungu na manyunyu ya siku nyingi. Watu wa huko huona baridi ya mvua isiyokoma, lakini mawingu hayo hayo huyalinda mashamba ya chai dhidi ya sakitu. Ndani zaidi, upande wa Mafinga ambako mawingu yamekwishakatika, mchana huwa wa jua zuri na usiku huwa wa hatari. Mtu anayeuliza kama Saba Saba ya mwaka fulani ilikuwa na baridi Mufindi anapaswa kwanza kuulizwa: Mufindi ya upande gani?

Kuna vitu vitatu ambavyo vyombo vya habari na mitandao ya kijamii huvichanganya kila mwaka, na ni lazima vitenganishwe kabla ya kuzungumzia sikukuu yoyote. Sakitu haianguki kutoka juu. Hujiunda palepale chini, juu ya jani, usiku mkavu na mtulivu. Mvua ya mawe huanguka kutoka katika mawingu marefu ya radi, hivyo katika eneo hili ni mtoto wa majira ya mvua na si wa kipupwe, na inapoanguka kwa wingi huweza kuifunika ardhi ikawa nyeupe kwa saa kadhaa. Theluji ni fuwele za barafu zinazoshuka kutoka mawinguni na kufika chini bila kuyeyuka, jambo ambalo Afrika Mashariki ni la kawaida kwenye vilele kama Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori. Septemba 2008 wakazi wa eneo la Nyahururu nchini Kenya walijitokeza kushangilia mlima uliogeuka mweupe wakidhani ni theluji, na wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kuwa ilikuwa mvua ya mawe iliyoshikamana. Picha zinazosambazwa kila kipupwe zikidai theluji imeanguka Makete au Kitulo huonyesha sakitu nzito, na mara nyingine huonyesha mvua ya mawe ya mwezi mwingine kabisa.

Kenya inatoa pia ulinganisho mwingine wenye manufaa zaidi. Januari 2012 sakitu iliunguza chai katika maeneo ya Kericho na Nandi, karibu kabisa na Ikweta, wiki chache tu baada ya Krismasi. Huko majira ya anga kavu na usiku usio na wingu ni Desemba hadi Februari, na kwa hiyo sakitu ya Kericho ni ya Mwaka Mpya ilhali ya Mufindi ni ya Saba Saba. Zao ni lile lile, kimo hakitofautiani sana, ila kalenda zimepishana kwa nusu mwaka, kwa sababu kinacholeta sakitu katika nchi za tropiki ni ukavu wa anga kuliko mahali jua lilipo.

Saba Saba yenyewe ni sikukuu ya kisiasa kwa asili. Chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, na tarehe hiyo ikawa siku ya taifa kabla ya kufungamanishwa na maonyesho ya biashara. Siku 18 kabla ya hapo, tarehe 19 Juni 1954, Gavana Edward Twining alikuwa Kalenga, nje ya mji wa Iringa, akilirudisha kwa Wahehe fuvu la mtawala wao, Mtwa Mkwawa. Matukio hayo mawili hayana uhusiano wa moja kwa moja, lakini yote yanaonyesha jambo moja kuhusu kalenda ya nyanda hizi: Juni na Julai ni miezi ambayo mavuno yameingia, barabara zinapitika na watu wengi wanaweza kukusanyika uwanjani bila hofu ya mvua. Baridi haizuii hadhara. Watu huja na makoti, masweta na mablanketi ya mtumba, hukaa juani, na hotuba huendelea. Hilo ni sababu mojawapo ya baridi ya sikukuu kutokuwa habari: haijawahi kumvurugia mgeni rasmi ratiba yake.

Nane Nane, sikukuu ya wakulima, inaonyesha hali hiyo kwa uwazi zaidi. Kwa kanda hii huadhimishwa katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, ambavyo mwaka 2022 na 2023 vilikuwa mwenyeji wa maadhimisho ya kitaifa, na ilikuwa hapo, tarehe 8 Agosti 2022, ambapo mpango wa ruzuku ya mbolea ulizinduliwa. Mgeni anayezunguka mabanda ya taasisi na halmashauri huona mahindi mabichi, maharage yaliyochanua na viazi mviringo vilivyostawi, na ni rahisi kusahau kwamba anavitazama katikati ya kiangazi kikavu chenye usiku unaoshuka chini ya nyuzi 10. Vipando hivyo hupandwa wiki nyingi kabla kwa umwagiliaji, na wataalamu hulazimika kuhesabu kuwa mahindi ya Juni hukua polepole kuliko ya Januari. Maonyesho yanayokusudiwa kumfundisha mkulima hufanyika, kwa maneno mengine, katika majira ambayo mkulima wa mvua hana zao shambani.

Lakini wapo wakulima wenye zao shambani, nao ndio wanaobeba gharama ya kipupwe. Katika Iringa na Njombe kilimo cha kiangazi kinafanyika kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni ambako udongo unabaki na unyevu baada ya mvua kuisha, na ambako familia hulima mahindi mabichi, mboga, maharage na viazi kwa ajili ya chakula na fedha za miezi mikavu. Bonde linalohifadhi maji ndilo linalopokea hewa baridi inayotiririka kutoka vilimani. Mkulima hawezi kukikwepa kimoja bila kukipoteza kingine: akipanda juu hana maji, akipanda chini anaingia katika njia ya sakitu. Usiku mmoja unatosha kuyafanya majani ya viazi na maharage yawe meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, kwa sababu barafu inayojiunda ndani ya jani huziharibu chembe zake hai, na jua la asubuhi linapoiyeyusha jani halina tena umbo la kushika uhai. Miche michanga ya parachichi, zao ambalo limeenea kwa kasi Njombe, Rungwe na Mufindi, ipo katika hatari hiyo hiyo, na mkulima aliyewekeza katika miche ya kupandikizwa bila kuangalia mkao wa bonde lake hugundua kosa katika kipupwe cha kwanza au cha pili.

Baridi ina wanufaika wake pia. Pareto, ambalo maua yake hutoa sumu ya kuua wadudu na ambalo kiwanda chake kipo Mafinga, huhitaji usiku wa baridi ili litoe vichipukizi vya maua, na ndiyo maana linalimwa juu na si Kyela, karibu na ziwa. Matofaa ya Makete na Njombe huhitaji kipindi cha baridi ili mti upumzike kisha uchanue kwa pamoja. Chai ya Mufindi haifi kwa baridi ya kawaida, bali husimama kukua, na wachumaji hupata majani machache Julai kuliko Machi. Ajabu ni kwamba sakitu ya Julai iliyoacha alama kubwa katika mifuko ya wakulima wa kahawa wa Mbozi haikutokea Mbozi. Tarehe 18 Julai 1975 sakitu iliteketeza mibuni ya jimbo la Paraná nchini Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda kwa kasi mwaka 1976 na 1977, miaka ambayo inahesabiwa kuwa ya neema katika historia ya kahawa ya Tanzania. Kizio ni kile kile cha kusini, na mwezi ni ule ule. Tofauti ni kwamba Brazil ilikuwa na takwimu na soko lililozisoma.

Upepo unaoleta baridi hiyo milimani huleta maafa ya aina nyingine majini. Juu ya Ziwa Nyasa kusi huitwa mwera, nao huvuma kwa urefu wote wa ziwa kutoka kusini na kulimbikiza mawimbi upande wa kaskazini, ambako Kyela na Matema zipo. Tarehe 30 Julai 1946 meli ya Vipya ilizama katika ziwa hilo kwenye dhoruba, na zaidi ya watu 140 wakafa. Pwani nako, tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikielekea Unguja katika bahari iliyochafuka kwa upepo huo. Kipupwe cha majini kina orodha ya majina na tarehe kwa kuwa watu walikufa pamoja mahali pamoja. Cha mabondeni hugawa hasara yake kwa maelfu ya kaya, kidogo kidogo.

Idi haina majira yake. Kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua, sikukuu za Kiislamu huzunguka majira yote katika muda wa takriban miaka 33, na kila kizazi hupata zamu ya Idi ya kipupwe. Idi el-Fitri ya 2016 iliungana na siku za Saba Saba, na Idi el-Haji za 2022 hadi 2025 ziliangukia kati ya mwanzoni mwa Juni na katikati ya Julai, hivyo kwamba swala ya asubuhi katika viwanja vya wazi vya Iringa na Mbeya iliswaliwa saa ambazo baridi huwa haijapungua. Mzunguko huo ungekuwa zana nzuri kwa mtafiti, maana sikukuu moja hupima majira tofauti, ila unahitaji kumbukumbu za miaka mingi mfululizo.

Krismasi ni habari nyingine. Kanda hii hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, huuita mvua za msimu ili kuutofautisha na vuli na masika za kaskazini na pwani, na kufikia 25 Desemba mahindi huwa yameota na palizi ya kwanza imeanza. Wamisionari wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891, na wale wa Misheni ya Berlin waliokuja mwaka huo huo, walitoka katika Ujerumani ya theluji ya Desemba, na kadi na picha walizoziacha zinaonyesha theluji hadi leo, wakati nje ya makanisa yao Krismasi ya Tukuyu ni tope, migomba na ngurumo za alasiri. Iringa kipimo cha kienyeji cha Krismasi njema ni ulanzi, kinywaji kinachogemwa kutoka kwenye machipukizi ya mianzi, ambacho hupatikana kwa wingi pale tu mvua zinaponyesha vizuri. Mvua zikichelewa, sikukuu huonja kiu.

Krismasi ya mvua yenye uzito mkubwa zaidi katika historia ya nyanda hizi ni ya mwaka 1965. Tarehe 11 Novemba mwaka huo serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru. Tarehe 15 Desemba Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu haikuchukua hatua kali. Na siku mbili baadaye Uingereza ikatangaza vikwazo vya mafuta dhidi ya Rhodesia. Zambia, ambayo mafuta yake yote yalipitia Rhodesia, ikakaukiwa ghafla, na njia kuu ya nchi kavu iliyobaki ilikuwa barabara ya udongo kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma. Ilikuwa Desemba. Malori yaliyopakia mapipa ya petroli na dizeli yaliingia katika barabara hiyo wakati ule ule mvua za msimu zilipokuwa zikiigeuza kuwa tope, yakapanda mteremko wa Kitonga ambao hata leo, ukiwa na lami, huwatoa madereva jasho, yakakwama, yakapinduka, na barabara ikapewa na madereva wa Kizungu jina lenye maana ya safari ya jehanamu. Sehemu ya mafuta ilisafirishwa kwa ndege, kwa gharama kubwa, kwa sababu tu udongo wa Iringa na Mbeya haukuweza kuhimili mvua ya mwezi ule.

Ni haki kusema kwamba hakuna mvua nyingine ya Desemba iliyobadilisha sura ya nchi kwa kiasi hicho. Bomba la mafuta la TAZAMA, kati ya Tanzania na Zambia, lilikamilika mwaka 1968. Barabara ikawekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Miradi hiyo ilikuwa na sababu za kisiasa ambazo zingeisukuma hata katika nchi isiyo na mvua, lakini mvua ndiyo iliyothibitisha mbele ya dunia kwamba njia ya udongo haitoshi. Na hata baada ya hapo mvua haikukubali kushindwa: kipande cha TAZARA kati ya Mlimba na Makambako, kinachopanda ukingo wa nyanda kwa mahandaki na madaraja mfululizo, kimebaki kuwa mahali ambapo maporomoko ya udongo hutarajiwa kila msimu.

Desemba nyingine mashuhuri za Tanzania zinahusu zaidi majirani wa nyanda hizi. Mvua za mwishoni mwa 1961, zilizokuja baada ya ukame na njaa na kuambatana na sherehe za Uhuru wa Tanganyika tarehe 9 Desemba, zilisababisha mafuriko makubwa Afrika Mashariki na kulipandisha Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964. Wataalamu huzihusisha na hali ambapo maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi huwa ya joto kuliko ya mashariki yake. El Niño ya 1997, yaani ongezeko la joto la maji ya Pasifiki ya tropiki, iliungana na hali hiyo ya Bahari ya Hindi na kufanya Krismasi ya mwaka huo kuwa ya madaraja yaliyosombwa. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa uliifurika Kilosa na reli ya kati ikafungwa kwa miezi, na tarehe 21 Desemba 2011 mvua ya takriban milimita 156 kwa siku moja iliizamisha Dar es Salaam. Mbeya na Iringa hazifuati mkumbo huo kwa uaminifu. Mabadiliko ya bahari yanayoipa mvua nyingi Afrika Mashariki ndiyo yanayoinyima mvua Zambia na Zimbabwe, na mpaka kati ya tabia hizo mbili hupita karibu na nyuzi 10 kusini, yaani jirani kabisa na nyanda hizi. Mwandishi anayechukua tarehe za mafuriko ya Dar es Salaam na kuzibandika Mbeya anakosea jiografia.

Zipo pia Krismasi zinazokumbukwa kwa ukame. Mto Ruaha Mkuu, unaokusanya maji ya Usangu na kupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kabla ya kufika Mtera, ulikoma kutiririka mwishoni mwa 1993, na tangu hapo kukauka kwake katika miezi ya mwisho ya mwaka kumekuwa jambo la kawaida, kwa sababu ya maji yanayochepushwa juu kama ilivyo kwa sababu ya mvua zinazochelewa. Mwishoni mwa 2005 mvua zilipokosekana sehemu kubwa ya nchi, bwawa la Mtera lilishuka mno na mgawo wa umeme ukatawala mwaka 2006. Aliyekaa gizani Dar es Salaam mwaka huo alikuwa analipa deni la mvua ya Usangu.

Tofauti ya kumbukumbu kati ya kipupwe na Krismasi ina sababu ya kiufundi pia. Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya Waingereza ilianzishwa mwaka 1929. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania iliunda idara yake, ikaifanya wakala mwaka 1999 na mamlaka mwaka 2019. Katika kipindi chote hicho vituo vingi viliwekwa penye viwanja vya ndege, boma, misheni na mashamba makubwa, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kumhudumia rubani na kupima mvua. Kipimamvua ni chombo rahisi, hivyo mapadri na mameneja wa chai waliweza kukisoma kila siku saa 3 asubuhi, ingawa kanuni hiyo ina mtego wake: mvua ya usiku wa kuamkia Krismasi husomwa asubuhi ya Krismasi, na kwa taratibu za baadhi ya vituo huandikwa kuwa ya tarehe 24. Kipimajoto nacho, kwa kanuni za kimataifa, hukaa ndani ya kisanduku cheupe kwenye kimo cha mita 1.25 hadi 2, ambako usiku mtulivu hewa huwa na joto la nyuzi kadhaa zaidi ya lile la nyasi zilizo chini yake. Kituo kinaweza kuandika nyuzi 3 huku viazi vilivyo hatua chache kutoka hapo vimeganda. Rekodi hiyo si ya uongo, ila imejibu swali la rubani na kuliacha la mkulima.

Simulizi za wazee nazo zina kasoro yake. Tukio lolote kubwa huvutwa na sikukuu iliyo karibu, hivi kwamba mafuriko ya tarehe 20 hugeuka kuwa ya Krismasi na sakitu ya mwishoni mwa Juni hugeuka kuwa ya Saba Saba. Kwa mtafiti sikukuu ni kigingi kizuri cha kumsaidia msimuliaji kukumbuka mwaka, lakini ni shahidi mbaya wa tarehe, na ushahidi wake unapaswa kulinganishwa na daftari la misheni, la shamba au la kituo pale linapopatikana.

TMA sasa hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe kama inavyotoa wa mvua, na hiyo ni hatua ya kweli. Kinachokosekana ni vipimo vya ardhini mahali sakitu inapojiunda. Kipimajoto cha kiwango cha chini kinachowekwa juu ya nyasi hakihitaji umeme wala intaneti, na mwalimu wa shule ya msingi au katibu wa chama cha ushirika anaweza kukisoma kila asubuhi kuanzia Juni hadi Agosti na kuandika tarakimu moja. Halmashauri za Makete, Mufindi, Njombe na Mbeya, ambazo kila mwaka hutenga fedha kwa ajili ya mabanda na vipando vya Nane Nane, zingeweza kuweka vipimo vichache vya namna hiyo kwenye vinyungu vyao kabla ya kipupwe kijacho, na kuyabandika matokeo yake katika mabanda hayo hayo.